Barua Iliyotangulia Msiba

Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita tu. Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Mastura Mkoyo aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, akaketi, akaisoma tena.

"Kwa mamlaka niliyopewa na Katiba ya Muungano wa Vijiji Kumi na Kimoja, kifungu cha kumi na nne, mimi Stephano Ngaweje, Mwenyekiti, ninamteua Bwana Stephano Ngaweje kuwa Mjumbe wa Baraza la Misitu ya Vijiji, kujaza nafasi iliyoachwa wazi na marehemu Hussen Mtopela, kwa kipindi kilichobaki."

Chini yake palikuwa na saini. Upande wa kushoto, chini zaidi, palipigwa chapa maneno "Nimekubali uteuzi", na saini ileile ikarudiwa. Tarehe iliandikwa kwa kalamu: 16 Juni.

"Umejiteua mwenyewe, mzee," Mastura alisema.

Stephano Ngaweje, mwalimu mstaafu wa miaka hamsini na minane, alikaa nyuma ya meza yake mikono ameikunja juu ya faili. Hakuonyesha kuona haya. Alifungua kijitabu cha katiba penye karatasi aliyoiweka kama alama, akakigeuza ili mgeni asome mwenyewe. Kifungu kilisema kwamba mjumbe akijiuzulu, vijiji vitapiga kura upya. Mjumbe akifariki, mwenyekiti atateua mwanachama yeyote mwenye sifa. Alieleza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufundisha, kwamba yeye ni mwanachama na sifa anazo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye kuteua asijitazame mwenyewe.

"Niliandika Jumatatu, baada ya mazishi," aliongeza. "Kikao kilikuwa Jumanne. Vijiji vingekosa sauti."

Mastura alifunga kijitabu. Kesi hii ilikuwa mikononi mwake tangu juzi, na kiini chake hakikuwa kigumu kukielewa. Vijiji kumi na kimoja vya bara ya Kilwa vilikuwa na msitu wao, na msitu ulikuwa na mpingo. Baraza lililokaa Lindi ndilo lililoamua kitalu kipi kifunguliwe kwa wavunaji na kipi kiachwe. Wajumbe walikuwa saba. Kwa miaka miwili kitalu cha kaskazini, kile chenye chemchemi za vijiji vinne, kilipigiwa kura mara tatu, na kila mara ikawa watatu kwa watatu mpaka ifike zamu ya Hussen Mtopela, mkulima wa ufuta kutoka Likungumbe, ambaye alisema hapana. Alhamisi ya tarehe 12 Juni Hussen alifariki. Jumanne ya tarehe 17 Stephano Ngaweje alikaa kwenye kiti chake akasema ndiyo. Sasa, wiki moja tu baadaye, Mastura na dereva wake, Koplo Bakary, walikuwa wamepishana na malori mawili ya magogo kabla hawajafika Njinjo.

Aliyeleta kesi polisi alikuwa mjane, Fauzia. Alisema mumewe alilishwa sumu. Jumatano ya tarehe 11 alikula pilau ya mkutano hapahapa ofisini, akarudi nyumbani akilalamika tumbo, na kesho yake akafa.

Mastura alimuuliza Stephano kuhusu chakula. Alijibu kwamba walikula watu kumi na wanane kutoka sufuria moja, naye akiwemo, na akataja majina kumi na saba bila kukwama. Alimuuliza alikuwa wapi Alhamisi. Hapo mwenyekiti alishusha pumzi na kutazama dirishani.

"Siku hiyo sitaisahau," alisema. "Nilipigiwa simu na tabibu wa Likungumbe, nimpeleke Hussen hospitali kwa gari la Muungano. Nikawaambia nakuja. Ile nawasha gari, pampu ya mafuta ikafa. Nilishinda hapa Njinjo chini ya gari, mimi na fundi. Mpaka linapona, mwenzangu ameshatangulia."

"Fundi gani?"

"Alikuwa mpita njia. Anakwenda Liwale. Jina sikumuuliza."

Mastura aliandika hilo. Aliomba nakala ya barua, akaaga. Kwenye chumba cha mbele, karani wa ofisi, dada mmoja mwembamba aitwaye Marietha, alimfungulia mlango bila kumtazama usoni.

*

Kutoka Njinjo mpaka Likungumbe ni kilomita nane za njia ya vumbi jekundu. Moshi wa mashamba yanayosafishwa ulitanda chini, na Bakary aliwasha taa za gari ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

Dionis Mbunda, tabibu wa zahanati, aliwapokea kwenye chumba cha sindano kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na viti viwili. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Mastura alipotaja sumu, alitikisa kichwa kabla swali halijaisha.

Alieleza alichokiona. Hussen alikuwa na ngiri kwa miaka mingi na mara mbili alikuwa amekataa kupasuliwa, kwa sababu kila mara ilikuwa msimu wa shamba. Usiku wa Jumatano ngiri ilishuka ikajinyonga. Alipoletwa zahanati Alhamisi saa moja asubuhi, uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe na rangi ya ngozi imeanza kugeuka. Pilau haikuhusika. Walaji wengine kumi na saba walikuwa wazima mpaka leo, na alama za ugonjwa ule hazifanani na sumu yoyote aliyopata kuisoma.

"Angepona?" Mastura aliuliza.

"Angefika mezani kwa daktari wa upasuaji kabla ya saa sita, saba hivi, nadhani angepona. Nimepeleka wenye hali kama ile wakarudi wakilima."

"Kwa nini hakufika?"

Dionis alivuta droo akatoa kitabu cha rufaa. Barua ya kumpeleka Hussen hospitali ya wilaya ilikuwa imeandikwa saa moja na nusu. Gari la wagonjwa la tarafa lilikuwa limeondoka alfajiri na mama mwenye uchungu pingamizi, lisingerudi kabla ya adhuhuri. Bodaboda aliikataa yeye mwenyewe, maana mgonjwa hakuweza hata kukaa. Likabaki gari la Muungano. Alitoa simu yake, akaitafuta siku ile, akamkabidhi Mastura aone kwa macho yake.

Kulikuwa na simu mbili. Ya kwanza, saa moja na dakika arobaini. Dionis alisema mwenyekiti aliuliza maswali mengi, mengi kuliko alivyotarajia: ni ngiri gani, imechukua muda gani, asipopasuliwa anaweza kukaa saa ngapi. Tabibu alimjibu ukweli, kwamba bila kisu haoni jua likizama. Mwenyekiti akasema wamshushe mgonjwa mpaka njia panda ya kijiji, kwenye banda la mizani ya ufuta, ili gari lisihangaike kuingia kijijini. Anakuja.

"Alisema neno hilo? Nakuja?"

"Alisema, 'Mshusheni, mimi niko njiani.'"

Simu ya pili ilikuwa ya saa tano na dakika kumi. Mgonjwa alikuwa ameshakaa bandani karibu saa tatu nzima na dripu imefungwa kwenye nguzo. Mwenyekiti alisema pampu imesumbua, fundi anamalizia kuifunga, wampe nusu saa. Saa tisa kasoro robo alasiri Hussen alikata roho palepale kwenye mkeka.

Dionis alirudisha kitabu kwenye droo, akaifunga, akabaki ameshika kishikizo chake. Alisema kama angejua gari halitakuja, angembeba hata kwa machela mpaka Njinjo. Mastura alimuomba aandike yote hayo kwa mkono wake na kutia saini.

*

Walirudi Njinjo saa saba. Stephano alikuwa ameenda kula kwake. Mastura alitaka iwe hivyo.

Marietha alisimama alipomwona akiingia, akamwamkia tena ingawa walishaamkiana asubuhi. Mastura alimwambia akae. Aliomba rejista ya barua zinazotoka, akaifungua mwezi wa Juni.

Nakala aliyopewa ilikuwa na namba ya kumbukumbu hamsini na mbili. Kwenye rejista, barua ya hamsini na moja ilitoka tarehe 11. Barua ya hamsini na tatu ilitoka tarehe 13. Katikati, kwenye mstari wa hamsini na mbili, palikuwa na doa la wino mweupe wa kufutia, na juu ya doa pameandikwa 16.

"Marietha," Mastura alisema, "barua huwa unazipa namba siku unayoziandika?"

"Ndiyo, afande."

"Basi ya tarehe 16 imepataje kutangulia ya tarehe 13?"

Karani alitazama doa lile. Kisha akaanza kusema, polepole, macho yake yakiwa mezani. Alhamisi ile alifika kazini saa moja na nusu kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa akizungumza na simu ndani, mlango umerudishwa. Alipomaliza alitoka, akasimama hapo alipo Mastura, akamwambia mzee Hussen amefariki alfajiri, kuna barua ya haraka. Hussen alimjua Marietha tangu utotoni. Ndiye aliyempelekea jina lake Muungano alipokuwa anatafuta kazi. Aliandika ile barua huku analia, akakosea jina mara mbili, ikabidi achapishe upya. Saa mbili mwenyekiti aliichukua, akaingia kwenye gari, akaondoka.

"Gari liliwaka?"

"Liliwaka vizuri tu."

"Kuelekea Likungumbe?"

"Hapana. Barabara kubwa ya Nangurukuru."

Jioni, alisema, watu wa Likungumbe walipokuja kutoa taarifa ya msiba, waliwaambia mzee amekufa alasiri. Alidhani amesikia vibaya asubuhi. Alijilazimisha kudhani hivyo kwa siku kadhaa. Kisha juzi, baada ya kusikia mjane ameenda polisi, mwenyekiti alimwambia achapishe nakala nyingine ya barua na kuacha nafasi ya tarehe, na rejista akaisahihisha mwenyewe.

Mastura alimuuliza kwa nini hakusema. Marietha alisema hakuna aliyemuuliza. Kisha akarekebisha maneno yake, akasema aliogopa.

*

Jumatano asubuhi Mastura alikuwa Lindi, kwenye masijala ya Baraza la Misitu ya Vijiji. Maneno ya karani wa Njinjo yangeangushwa mahakamani kwa nusu saa, mwajiriwa dhidi ya bosi wake. Alihitaji karatasi isiyokuwa na sababu ya kumchukia mtu.

Msimamizi wa masijala aliitwa Nassibu, mzee mnyoofu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliitafuta barua halisi bila haraka. Alipoiweka juu ya kaunta, Mastura aliiweka nakala ya Njinjo pembeni yake. Maneno yalikuwa yaleyale. Saini zote nne zilikuwa za mkono mmoja. Lakini barua ya Lindi ilikuwa na tarehe iliyopigwa chapa, 12 Juni, na mhuri mwekundu wa kupokelewa, tarehe ileile.

"Saa mnaandika?"

Nassibu alionekana kama aliyeulizwa kama huwa anafunga mlango. Alileta kitabu cha barua zinazoingia. Mstari ulisomeka: Uteuzi wa mjumbe, Muungano wa Vijiji Kumi na Kimoja, imeletwa kwa mkono na Mwenyekiti mwenyewe, saa sita na robo mchana.

Mastura alihesabu kimoyomoyo. Saa sita na robo. Hussen alikuwa na saa mbili na nusu za uhai mbele yake, na kwenye karatasi hii alikuwa tayari ni marehemu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo bado halikumkalia sawa. Kama Stephano alijua mtu atakufa kabla ya jua kuzama, kwa nini asingoje? Angeweza kuandika Ijumaa, bila uongo wowote, na hakuna polisi ambaye angefika mlangoni kwake. Alimuuliza Nassibu kama kulikuwa na haraka yoyote.

"Haraka ilikuwepo," Nassibu alisema. "Jina la mjumbe mpya linatakiwa lifike hapa siku tano kabla ya kikao. Kikao kilikuwa tarehe 17. Siku ya mwisho ilikuwa hiyohiyo Alhamisi, na sisi tunafunga saa tisa na nusu."

Alieleza zaidi, kwa kuwa alipenda mambo ya utaratibu. Kiti kikiwa wazi siku ya kikao, kura za watatu kwa watatu haziamui kitu na hoja inaahirishwa miezi sita. Mwombaji wa kitalu cha kaskazini alikuwa ameshaandika kwamba hoja ikiahirishwa hataomba tena.

Mastura alikunja nakala zake. Sasa alielewa maswali yale mengi ya kwenye simu. Stephano hakuwa na nafasi ya kungoja kifo. Ilibidi barua itangulie, na kifo kiifuate siku hiyohiyo. Mgonjwa angefika hospitali na kupona, mwenyekiti angekuwa amemzika mtu hai kwa maandishi. Tangu alipoweka saini, hakuweza tena kumruhusu Hussen afike hospitali.

Wakati wa kurudi, walipofika njia panda ya Nangurukuru, Bakary alipunguza mwendo mwenyewe bila kuambiwa. Barabara ya hospitali ilichepuka hapo. Landkruza ya Muungano ilikuwa imepita mahali hapa kama saa tatu na nusu asubuhi, na ndani yake palikuwa na mtu mmoja tu.

*

Walimkuta Stephano ofisini Alhamisi asubuhi, akipanga makabrasha ya kikao kingine. Mastura alimwamkia, akaitikiwa. Kisha akaweka karatasi mezani moja baada ya nyingine: barua ya Njinjo, barua ya Lindi, ukurasa wa kitabu cha Nassibu, maelezo ya Dionis. Ya Marietha aliyaacha kwenye mkoba.

Mwenyekiti alizisoma zote. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Tabibu alisema hali ni mbaya," alisema.

"Alisema hali ni mbaya. Hakusema amekufa."

"Ilikuwa saa chache tu, binti. Ningekwenda Likungumbe, tungefika hospitali, angefia huko. Vijiji vingekuwa vimepoteza vyote viwili, mtu na kiti."

"Tabibu anasema angepona."

"Tabibu si Mungu."

Alizungumza kwa muda, na Mastura alimwacha. Alisema miaka miwili watu wanakosa shule na barabara kwa sababu ya ukaidi wa mzee mmoja. Alisema hakuna aliyemfaa kuteuliwa zaidi yake, maana kila ambaye angemteua angeyumbishwa na ndugu zake, na yeye angalau aliujua msimamo wake. Alisema amri ya kujiteua ni halali, mwanasheria yeyote atamwambia. Na kumpeleka mgonjwa hospitali si kazi ya mwenyekiti; katiba haisemi, sheria haisemi. Mtu hawezi kushtakiwa kwa kutotoa gari.

"Ni kweli," Mastura alisema. "Ungekataa, nisingekuwa na kesi. Ungemwambia Dionis gari lina safari, angetafuta njia nyingine. Lakini ulimwambia amshushe mgonjwa njia panda, uko njiani. Na saa tano, ukiwa umeshakaribia Lindi, ukamwambia akupe nusu saa. Hukumnyima gari, mzee. Ulimfanya angoje."

Mastura alimsomea onyo, kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba analosema litaandikwa. Bakary alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa heshima, wakatoka. Kwenye chumba cha mbele Marietha alikuwa amesimama nyuma ya meza yake. Mwenyekiti alimwambia afunge madirisha akiondoka, na Marietha, kwa mazoea, akasema sawa.

Mchana huo Mastura alimpigia simu wakili wa Serikali. Alimweleza yote kwa mpangilio. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, akasema kughushi tarehe kutasimama bila shida, lakini kwa upande wa kuua bila kukusudia pana shimo. Utetezi utasema hakukuwa na gari jingine siku ile. Kama halikuwepo, ahadi ya mwenyekiti haikubadilisha chochote. Mgonjwa angekufa palepale bandani.

"Kulikuwa na gari jingine?" wakili aliuliza.

Mastura alisema hajui. Dionis alikuwa amerudi zahanati kuhudumia watu. Aliyekaa bandani muda wote alikuwa mmoja.

*

Fauzia alikuwa ndani, kwenye eda. Wifi yake alimwingiza Mastura mpaka chumba cha nyuma na kuwaacha. Mjane alikaa kwenye mkeka miguu ameinyoosha, kitambaa cheusi kimemfunika mpaka mabegani. Aliitikia shikamoo, akamwonyesha mahali pa kukaa.

Mastura alimpa pole upya. Kisha akamweleza, kwa maneno mepesi aliyoweza kuyapata, kwamba sumu haikuwepo. Alimweleza habari ya ngiri, ya barua, ya kitabu cha Lindi, na ya mahali gari lilipokuwa wakati wao wanalingoja. Alimwambia mwenyekiti yuko mahabusu.

Fauzia alisikiliza bila kukatiza. Habari ya kukamatwa kwa Stephano haikuonekana kumfikia. Alirudi nyuma, kwenye sumu. Aliuliza kama daktari ana hakika. Aliuliza kama hakuna sumu inayofanana na ngiri. Mastura alimjibu kwamba tabibu ana hakika.

"Kwa hiyo angefika hospitali, angepona," Fauzia alisema.

"Tabibu anaamini hivyo."

Mjane alianza kuzikunja na kuzikunjua nyuzi za pindo la mkeka. Mastura alikuwa amehoji watu kwa miaka kumi na minne, na alijua pale ambapo mtu ameshalifikia jibu kabla ya swali. Alitamani awe na njia nyingine. Hakuwa nayo.

"Mama, nisamehe kwa ninalokuuliza. Asubuhi ile pale bandani, kuna gari lolote lililopita?"

Nje wifi alikuwa anatwanga. Mchi ulipiga mara nyingi kabla Fauzia hajasema.

"Lilipita."

Lilikuwa lori la ufuta, likitoka mashambani, alisema. Lilipita kama saa tatu na nusu. Dereva alisimama mwenyewe bila kupungiwa, akauliza kuna nini. Aliposikia alisema anakwenda Kilwa Masoko, atampitisha mgonjwa hospitali. Utingo akaanza kusogeza magunia ili pawe na pa kumlaza. Lakini juu kulikuwa na magunia mengi na njia ni mbovu, naye aliwaza vile ambavyo mumewe angerushwarushwa kwa kilomita zote zile na maumivu aliyokuwa nayo. Gari la Muungano lilikuwa na kiti kirefu cha nyuma. Alishalipanda siku moja, alijua.

"Alinishika mkono," Fauzia alisema. "Akasema, Fauzia, twende na hili. Mimi nikamwambia atulie. Nikamwambia mwenyekiti amesema anakuja. Dereva akauliza mara mbili. Nikamwambia nenda, baba, Mungu akulipe."

Hakulia. Alisema kwamba tangu siku ile, kila akilala, alijiambia ilikuwa sumu, na mtu aliyekula sumu hata lori lisingemsaidia.

Mastura alikuwa ameshika kalamu lakini karatasi ilikuwa nyeupe bado. Aliuliza kama anaweza kumtambua dereva. Fauzia alisema ni kijana wa Mtama, hununua ufuta kila mwaka, kijiji kizima kinamjua. Kisha akauliza:

"Nikilisema hili mahakamani, ndilo litakalomfunga?"

"Ndilo. Bila hili anaweza kutoka."

"Na watu wote watakuwepo pale wanasikia."

"Watakuwepo, mama."

Fauzia alivuta kitambaa vizuri mabegani. Akaitazama karatasi iliyokuwa mapajani mwa Mastura, ingawa hakujua kusoma.

"Basi andika," alisema. "Ila usiandike kwamba tulikataa lori. Yeye alitaka kupanda. Andika nilikataa mimi."

Mastura akaandika hivyo. Alipomaliza alimsomea, neno kwa neno, na Fauzia akasema ni sawa, akanyoosha kidole gumba, akangoja kipakwe wino.